Za Mwizi ni Thelathini

"Chagua, Fundi. Mimi au hilo boksi lako."

Kocha alisimama katikati ya sebule tuliyokuwa tumeipaka rangi wiki ile, kontrola ya gemu mkononi. Zilikuwa zimebaki siku kumi tufunge ndoa. Kadi zilishagawiwa, gauni lilishapunguzwa kiuno, na mchumba wangu ananipa mtihani wa kuchagua kati ya yeye na kompyuta.

"Boksi?" nikamuuliza. "Hiyo mashine nimeifunga kwa mikono yangu, skrubu kwa skrubu. Wewe konsoli yako ya kwenye tivii umeinunua ikiwa imeshapikwa, kazi yako ilikuwa kuchomeka waya tu."

"Ndiyo raha yake! Nachomeka, nakaa kwenye sofa, nacheza. Wewe mpaka upakue hiki, usasishe kile, uchague setingi arobaini, mtu keshaota mvi."

"Nachagua kwa sababu nina cha kuchagua. Wewe umepewa fremu thelathini kwa sekunde, umesema asante."

Kwa asiyejua, fremu ni zile picha ambazo mashine inachora kila sekunde. Zikiwa nyingi, gemu inateleza. Zikiwa chache, farasi wa kwenye gemu anakimbia huku anakwamakwama. Kompyuta yangu inachora mia na ishirini. Konsoli ya Kocha ilichora thelathini, na ukimgusia hilo ni kama umemtukania mama yake.

"Jicho la binadamu halioni zaidi ya thelathini," akasema.

"Jicho la nani? Lako? Mtu unapanga maandishi yawe makubwa kuliko yote kwenye skrini ndiyo usome, leo umekuwa daktari wa macho?"

"Gemu ya Wapanda Farasi ilitoka kwetu kwanza! Nyinyi mmesubiri mwaka mzima, na ilivyokuja kwenu ilikuwa inajizima."

"Ilijizima wiki tatu, ikatengenezwa. Sasa hivi kwangu unahesabu nywele za mkia wa farasi. Wako ana mkia kama ufagio."

Akaitupa kontrola kwenye sofa.

"Ndiyo maana kwenye gemu nimewazuia watu wa kompyuta wote. Sichezi nao. Wana mausi, wanalenga kama wachawi. Nimekwambia mara ngapi, watu wa mashine mbili tofauti hawachanganywi. Na ndoa ni hivyohivyo! Tivii moja, mashine moja. Na karakana yako unaniachia, ukuta wake wa ndani tunaubomoa, ukumbi wangu wa kuchezesha watu gemu unahamia pale. Jumamosi mwenye nyumba anakuja, unasaini barua ya kuniachia chumba, basi."

Chumba kile cha karakana alikianzisha marehemu baba, akitengeneza redio. Mimi nilijifunza kushika chuma cha moto cha kuungia nyaya kwa risasi nikiwa nimesimama juu ya kreti kwa sababu meza ilikuwa ndefu kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimeshamkubalia. Nilimpenda yule mwanaume, acha niseme ukweli. Nilimpenda hata kelele zake. Tulikutana kwa ugomvi, siku aliponiletea konsoli iliyokufa akaniambia, "Dada, usiichanganye na vikompyuta vyako," na mimi nikacheka mpaka nikadondosha bisibisi. Nikadhani tutagombana hivyo hadi uzee, na nikaona ni maisha mazuri.

"Sawa," nikasema. "Jumamosi nasaini. Kompyuta nitaifungua vipande."

Akanikumbatia. "Ndiyo tausi wangu huyo."

Mimi huyo tausi, siku ya pili yake, Alhamisi, niko karakana nafungua kompyuta yangu. Nimeshatoa skrubu mbili, mara mlango ukasukumwa kwa kiatu.

Alikuwa Msusi. Saluni yake imepakana na karakana yangu, ukuta mmoja. Ni rafiki yangu wa miaka sita, anayenisuka bure, na ndiye aliyekuwa anisuke siku ya harusi. Amebeba kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Hiyo kompyuta nilimfungia mimi, miezi minne nyuma. Alitaka yenye nguvu, eti ya kuhariri video za mitindo ya nywele.

"Fundi, iangalie hii. Inazima."

"Inazima ukiwa unafanya nini?"

"Naangalia muvi zangu tu. Mara puu, giza."

"Umeiweka wapi?"

"Kabatini, chini ya tivii. Imelala pale."

"Kabatini? Imelala? Shoga, hiyo ni kompyuta, si konsoli! Nilikwambia ikae wima, mahali pa wazi, ipumue. Nani kakufundisha kuilaza kabatini?"

"Hakuna mtu. We nawe! Futa vumbi, nirudishie kesho." Akageuka kuondoka, kisha akarudi mlangoni. "Na usihangaike kuijaribu na magemu yako. Mimi hata sichezi gemu."

"Nitaona."

"Usione. Futa vumbi tu."

Miaka sita ananifahamu na kanuni yangu anaijua. Mashine haitoki mikononi mwangu kabla sijaipiga gemu nzito saa nzima. Kompyuta inaweza kukuwakia vizuri, ikakuchekea. Ipe gemu, joto lipande, hapo ugonjwa utajitaja wenyewe. Hata angekuja rais kuniomba niiache kanuni hiyo, ningemwambia asubiri kwenye benchi.

Nikaifungua. Ndani vumbi limejaa, manyoya ya zulia yameziba feni. Nikasafisha, nikapaka dawa ya kupoza joto, nikaiwasha. Nikatafuta mahali pa kuweka gemu yangu ya majaribio.

Gemu ilikuwemo tayari. Wapanda Farasi.

"Hee!" nikasema peke yangu. "Si hachezi gemu huyu?"

Nikaifungua. Jina la mchezaji: Malkia. Nikaingia, nikapanda farasi, nikaanza kukimbia uwandani. Farasi akakwama, akaruka, akakwama. Mashine niliyoifunga mimi, kadi ya picha niliyoichagua mimi, inakwama hivi? Nikaona aibu ya kazi, hiyo ndiyo ilikuja kwanza. Nikakimbilia setingi.

Kikomo cha fremu: thelathini.

Kikomo hicho hakijiweki chenyewe. Gemu ikiingia kwenye kompyuta inakuja imeachiwa, ikimbie uwezavyo mtambo wake. Lazima mtu aingie ndani, kurasa tatu, ashushe kwa mkono wake. Na nani duniani atapewa gari la mwendo kasi alifunge breki kwa hiari yake?

Nikasukuma mausi kwenda juu. Kamera ikaangalia chini. Nikasukuma chini, ikaangalia mbinguni. Ilikuwa imegeuzwa. Namjua mtu mmoja anayecheza kamera ikiwa imegeuzwa.

Maandishi: makubwa kuliko yote.

Nikasema, Fundi, usikurupuke, pima kwanza. Konsoli inakufichia mambo yake, lakini kwenye kompyuta kila kitu ni faili, na kila faili lina tarehe. Nikafungua folda ambamo gemu inahifadhi michezo iliyochezwa. Nikachukua kalenda ya ukutani, ileile niliyokuwa nimezungushia duara siku ya harusi, nikaanza kulinganisha.

Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu. Zote, miezi minne.

Jumatatu saluni inafungwa. Na Jumatatu Kocha hufunga ukumbi wake, eti siku ya kufanyia konsoli usafi. Siku ambayo hataki hata nimpigie simu, kwa sababu "vumbi linaingia kwenye spika." Gemu ilikuwa imeandika jumla chini: saa tisini na sita.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za huyu wangu zilikuwa thelathini.

Bado nimekaa pale, gemu iko wazi, mara skrini ikalia, ting. Ujumbe ukaingia ndani ya gemu. Kutoka kwa KochaMkuu. Pembeni ya jina lake kuna kialama cha kontrola, maana yake yuko kwenye konsoli yake. Yule yule aliyewazuia watu wa kompyuta wote! Ameona Malkia yuko hewani, akajua kompyuta imesharudi nyumbani.

"Umeshaichukua? Yule hakufungua gemu?"

Yule. Siku tisa kabla ya ndoa, nimekuwa yule.

Nikaivuta kibodi.

"Hakufungua. Kwani akifungua?"

Yeye huandika kwa kontrola, herufi moja moja. Nikamsubiri.

"Atanijua. Setingi zangu anazijua. Futa kila kitu."

"Nimechoka kujificha. Usinitafute kwanza."

"Vumilia mpaka Jumamosi mpenzi. Akishasaini barua ya chumba ukuta unavunjwa. Ukumbi wangu na saluni yako vitakuwa jirani, nani atauliza?"

"Na harusi?"

Hapo alichelewa. Nikaona vinukta vinatembea, vinasimama, vinatembea. Nilikuwa naomba, wallahi, naomba aandike neno moja la kunitetea.

"Harusi ni harusi. Wewe ni wewe."

Nililia. Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nililia nimeinamia meza ya baba, nikafuta uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi, nikatoka na uso mweusi tii. Kisha nikachukua bisibisi nikarudisha zile skrubu mbili kwenye kompyuta yangu. Nikampigia Shangazi.

"Shangazi, Jumamosi saa nne asubuhi uje karakana. Mapema, kabla ya mwenye nyumba."

"Kuna nini? Sauti yako imekauka."

"Njoo tu."

"Nije na kadi zilizobaki?"

"Njoo nazo. Utazihitaji kupepea, kutakuwa na joto."

Msusi nilimtumia ujumbe: "Mashine yako imepona, ila inahitaji siku moja zaidi. Ifuate Jumamosi saa nne." Akajibu, "Uliipiga gemu?" Nikajibu, "Nimefuta vumbi." Na sikusema uongo.

Jumamosi Kocha alifika wa kwanza, kashika kalamu, kanukia.

"Tausi wangu! Barua iko wapi?"

"Kaa kwanza."

Shangazi akaingia, mwanamke mnene wa sauti, kiboksi cha kadi mkononi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba. Akakaa kwenye stuli. Dakika mbili baadaye Msusi akasukuma mlango kwa kiatu, kama kawaida yake, akamwona Kocha, akasimama.

"Karibu," nikasema. "Ingia, mashine yako hii hapa."

"Naona mna mambo ya familia. Nitarudi."

"Ingia. Wewe nawe ni familia. Jumatatu zote si unakaa na mume wangu mtarajiwa?"

Kocha akacheka, kicheko cha mtu aliyekalia mwiba.

"Fundi, umeanza utani."

"Sina utani na kazi." Nikawasha skrini. Farasi akatokea, jina Malkia juu ya kichwa chake. "Kanuni yangu mnaijua nyote wawili. Nimeipiga gemu."

"Nilikwambia usiipige!" Msusi akapayuka, kisha akajifunika mdomo.

"Shangazi," nikasema, "nisomee hayo maneno pale kwenye skrini."

"Mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani."

"Sogea tu. Maandishi ni makubwa, kuna mtu aliyapanga hivyo."

Shangazi akasogea. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma tangazo la msiba. "Umeshaichukua. Yule... hakufungua... gemu." Akaendelea. Alipofika kwenye ukuta akanitazama. Alipofika mwisho akarudia mara mbili. "Harusi ni harusi. Wewe ni wewe." Akamgeukia Kocha.

"Hii ni nini?"

"Shangazi, hiyo ni gemu. Watu wanaandikiana maneno ya gemu, ni mchezo."

"Mimi si shangazi yako."

"Huyo Malkia ni mtu yeyote tu, yuko mtandaoni huko, mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu anacheza fremu thelathini?" nikamuuliza. "Kwenye kompyuta ya mia na ishirini? Kamera imegeuzwa? Maandishi kama bango la barabarani? Kila Jumatatu? Sema, Kocha, huyo mtoto wa watu umemzaa wewe?"

"Nilikuwa namfundisha."

"Saa tisini na sita? Hata udereva hauchukui muda huo!"

"Haya, nilikosea!" akafoka, na sasa alisimama. "Lakini jiulize kwa nini! Kwako mtu hapumui. Kila kitu fremu, kila kitu setingi, kila kitu wewe unajua. Kwake nakaa, nacheza, hakuna anayenihesabia!"

"Kwa hiyo ukaenda kucheza kwenye boksi, mashine ya wachawi. Ndoa yetu ilikuwa haina nafasi ya kompyuta, ila ya huyu ukaipatia nafasi kabatini."

Hapo ndipo Msusi alipojibu, mikono kiunoni.

"Na wewe usijifanye malaika. Mashine yenyewe uliyoniuzia mbovu! Kocha aliniambia mwanzo kabisa. Alisema umenifungia vyuma vilivyochoka, haiwezi kuvuka thelathini, ndiyo maana inakwama, ndiyo maana inazima. Nikanyamaza kwa sababu ya urafiki."

Jamani. Kuibiwa mwanaume kunauma. Lakini kutukanwa kazi yangu, ndani ya karakana ya baba, kwa uongo wa mtu aliyenivisha pete? Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Alikwambia hivyo?"

"Alisema niamini yeye, ni mtaalamu."

"Njoo hapa."

"Siji."

"Njoo uone ulichonunua!"

Akaja. Nikafungua setingi mbele yake, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamwonyesha ile namba. Nikaondoa kikomo. Nikarudi uwandani, nikampiga farasi mbio.

Akateleza. Nyasi zikapinda, manyoya ya shingo yakapepea moja moja, kivuli kikamfuata bila kukatika hata mara moja. Feni ikawa inavuma polepole, mashine iko baridi. Hata Shangazi asiyejua gemu alisema, "Mh!"

Msusi akainama karibu na skrini.

"Kwa hiyo haikuwa mbovu," akasema.

"Haijawahi kuwa mbovu. Mtu aliingia humo akaifunga, kisha akakwambia ndiyo mwisho wake."

"Kwa nini?"

"Muulize. Mimi nadhani hakutaka uone kwamba yangu ni nzuri kuliko yake."

Kocha akafungua mdomo. "Jicho la binadamu..."

"Nyamaza!" tukamwambia wote watatu.

Msusi akamwangalia kutoka viatuni hadi kichwani. "Umenilaghai hata kwenye hilo? Miezi minne nakaa na mashine nzuri, naiona takataka, namchukia mtu aliyenifungia, kumbe ni wewe?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Mpenzi?" Shangazi akadakia. Akamgeukia Msusi. "Na wewe usianze kulia hapa ukadhani utahurumiwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe za wenzako unazisuka vizuri, zako umeziacha timutimu. Beba mashine yako."

Msusi akachomoa waya, akaibeba kompyuta kifuani. Mlangoni akageuka.

"Fundi, nisamehe."

"Iweke wima," nikamwambia. "Na usirudi."

Nikavua pete. Nikaiweka juu ya meza pamoja na kalamu aliyokuja nayo.

"Chukua kalamu yako, Kocha. Chumba sisaini. Konsoli zako zikiharibika tafuta fundi mwingine."

"Fundi, kadi zimeshatoka! Watu watasema nini?"

Shangazi akafungua kiboksi, akatoa kadi moja, akaipasua katikati, akampa vipande. "Waambie imekwamakwama, halafu ikazima."

Aliondoka bila kufunga mlango. Mwenye nyumba alipofika alitukuta tunafagia, Shangazi na mimi. Akauliza barua. Nikamwambia, "Mzee, hakuna barua, mimi nipo." Akasema afadhali, alikuwa hapendi kelele za ukumbi wa gemu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ingekuwa harusi. Sikukaa nyumbani kungoja simu za pole. Nilifungua karakana saa mbili asubuhi, nikarekebisha kompyuta mbili za wateja, nikala mchana peke yangu. Ilipofika saa tisa, saa ambayo ningekuwa naitikia "ndiyo" mbele za watu, nikawasha kompyuta yangu, nikaingia kwenye Wapanda Farasi. Nilitaka kukimbia tu, nisifike popote.

Ting.

"Tausi wangu. Najua uko hapo. Leo ndiyo ilikuwa siku yetu. Nimekosa, nakiri. Tuweke mashine zote mbili sebuleni, yako na yangu. Hata fremu mia na ishirini nitazoea. Nijibu."

Pembeni ya jina lake kile kialama cha kontrola kilikuwa kinawaka. Nilisoma mara tatu. Machozi yalikuja, nikayaacha yashuke. Nilikumbuka siku ile bisibisi ilidondoka.

Kisha nikaingia setingi. Chini kabisa kuna swali moja, watu wengi hawalifiki: Ruhusu wachezaji wa mashine nyingine? Kwangu ilikuwa imeandikwa Ndiyo tangu siku niliyoinunua gemu, kwa ajili yake, nikingoja siku atakayokubali kucheza na mimi.

Kocha alikuwa akiniambia kila siku kwamba watu wa mashine mbili tofauti hawachanganywi. Mimi nilikuwa nabisha.

Nikabonyeza Hapana. Jina lake likapotea kwenye skrini, na farasi wangu akaendelea kukimbia.